MBA ya Miezi 12: Mdada wa Mchafukoge Alipata Joho, Duka Likapata Shimo

Ile picha kila mtu anaijua. Joho jeusi, kofia ya pembe nne, maua ya plastiki shingoni, mama pembeni kapiga sare ya kitenge na tabasamu la meno yote. Chini maneno machache tu: "Hatimaye. Asante Mungu." Laiki zinamiminika, mpaka watu mliogombana kidato cha pili wanakuja kuandika hongera.

Kuna mdada mmoja pale Mchafukoge picha hiyo anayo kwenye simu. Kapendeza kweli kweli. Ila hajawahi kuiposti, hata stetasi hajaweka. Ukimuuliza anacheka, halafu anabadilisha mada.

Jina lake linabaki kapuni, na chuo chake pia. Ana miaka 32. Ana fremu ya mapazia na mashuka, jumla na rejareja, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Duka alilianzisha baba yake miaka ya tisini. Mzee miguu ilipoanza kusumbua, binti akakabidhiwa funguo. Digrii ya kwanza alikuwa nayo, ya utawala, ila haikuwahi kumpa hata siku moja ya ofisi yenye kiyoyozi.

Sasa kwa nini MBA? Mwenyewe anataja sababu mbili.

Ya kwanza ni benki. Alienda kuomba mkopo wa kuongeza mzigo, akakutana na ofisa mdogo kwake kiumri, anamuuliza mtiririko wa fedha wa miaka mitatu ijayo. Yeye anajua mauzo ya leo na ya jana, na anajua nani anadaiwa. Miaka mitatu ijayo anaijua Mungu. Akatoka na fomu mkononi na aibu moyoni.

Ya pili ndiyo yenye ukweli zaidi, na ilimchukua muda kuikubali. Kwenye sendofu ya rafiki yao, mdada waliyesoma naye, sasa yuko shirika fulani kubwa, alimwangalia juu mpaka chini akamuuliza, "Kumbe wewe bado uko dukani?" Bado. Neno moja tu. Wiki ileile akaona tangazo mtandaoni: MBA miezi 12, madarasa ya jioni, huachi kazi.

Hilo "huachi kazi" likamuingia.

MZEE ALISEMA NENO

Ada ilikuwa milioni saba na ushee, awamu mbili. Pesa ilitoka kwenye mtaji. Mzee aliposikia hakupinga. Alimuuliza swali moja tu: "Binti yangu, hiyo saa kumi na moja jioni, ufunguo wa droo utakuwa na nani?"

"Na mdogo wangu, baba."

"Haya."

Wazee wakisema "haya" namna ile, ujue hiyo kesi haijafungwa.

Masomo yakaanza Oktoba 2022. Ratiba ilikuwa hivi: kila somo wiki nne. Jumatatu mpaka Alhamisi, saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Jumamosi kazi za makundi. Wiki ya nne mtihani, Jumatatu inayofuata somo jipya na mhadhiri mpya anayeanza na slaidi mia na ishirini. Hakuna kupumua. Ukiumwa mafua siku tatu umeshakosa robo ya somo. Ukipata sapu, unaibeba huku masomo mengine yanakuja juu yake.

Siku ya mdada ikawa hivi. Saa 11 alfajiri macho. Saa 2 asubuhi fremu iko wazi. Mchana wateja wa mikoani, makuli, guta za mizigo, mashine ya EFD imegoma, mama ntilie kaleta wali. Saa 10 na nusu anadandia bodaboda. Saa 3 usiku yuko nyumbani. Saa 4 anaanza msuli. Saa 7 usiku analala na desa kifuani kama blanketi.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. MBA ya kwanza duniani ilianzia Harvard kule Marekani mwaka 1908, na ilikuwa ya miaka miwili. Waliokuja kuwa maarufu kwa ya mwaka mmoja ni INSEAD ya Ufaransa, ambao darasa lao la kwanza lilianza 1959. Kwa hiyo MBA ya haraka siyo uhuni wala siyo uchakachuaji, ina historia yake ya heshima. Ila wanafunzi wa kule wanaacha kazi. Wanasoma kutwa, mwanafunzi ni mwanafunzi. Hapa mjini imechukuliwa kasi ileile ikawekwa kwenye masaa matatu ya jioni, kwa mtu ambaye tangu asubuhi amesimama kwenye vigae anapima pazia kwa mita.

Kasi ni ya mtu mwenye siku nzima, siku yenyewe ni ya mtu aliyebakiza jioni tu. Shida nyingi za hii stori zinaanzia hapo.

HAIKUWA HASARA YOTE

Lazima isemwe, maana yeye mwenyewe anakasirika watu wakiiponda shule yote.

Somo la pili lilikuwa mahesabu ya menejimenti. Wiki ya tatu mhadhiri akawaambia kila mtu achukue kitu anachouza ahesabu kimekaa stoo siku ngapi. Mdada akarudi, akafungua stoo, akahesabu mapazia ya velveti rangi ya zambarau. Miezi 14. Robota zima limelala pale, na kila akijumlisha utajiri wake kichwani alikuwa analihesabu kama pesa.

Wiki ileile akaliuza kwa bei ya kununulia, akaingiza shuka nyeupe za hoteli na gesti, zikaisha ndani ya siku tisa. "Usiku ule ndio nilielewa kwa nini nimelipa ada," aliwaambia wenzake. Baba yake mwenyewe alitikisa kichwa, akasema miaka yote hiyo hakuwahi kuona zile velveti kama ugonjwa.

Kwa hiyo elimu ilikuwepo. Ila angalia: kilichomsaidia kilikuwa zoezi moja, la duka lake mwenyewe, alilopewa siku tano za kulifanya. Lingine la namna hiyo halikutokea tena.

MACHI 2023

Ramadhani mwaka ule ilianza wiki ya mwisho ya Machi. Mfanyabiashara yeyote wa mapazia Kariakoo atakwambia, kuelekea Idi ndiyo mavuno. Kila nyumba inataka kubadilisha dirisha. Mwezi huohuo chuo kikapanga masomo mawili mfululizo na mtihani kuelekea mwisho wa mfungo. Darasani nusu wamefunga, saa 12 na nusu wanapewa dakika kumi na tano za kufuturu tende na maji, halafu slaidi zinaendelea.

Dukani kabaki mdogo wake wa kiume, miaka 23, mpole, hajui kusema hapana. Akaja mteja wa mkoani, mteja wa miaka sita, anaitwa "kaka" pale dukani. Akataka mzigo mkubwa wa Idi kwa mali kauli, yaani chukua sasa, lipa ukiuza. Dogo akampigia dada yake. Simu ilikuwa kimya, dada yuko darasani. Winga aliyemleta mteja akasema, "Huyu si ni mtu wenu? Mpe bwana." Dogo akampa.

Milioni kumi na moja. Baada ya Idi simu ya "kaka" ikawa haipatikani. Fremu yake ya mkoani ikakutwa imefungwa, majirani wanasema kahama.

Mchana huohuo alipopata taarifa, ndiyo kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp kutoka chuo: awamu ya pili ya ada, mwisho Ijumaa.

Sasa sikia hii. Jioni ile alienda darasani hivyo hivyo, macho mekundu. Na mada ya siku ile ilikuwa, kama mtu kaipanga, usimamizi wa wadaiwa. Mfano uliokuwa ukutani: duka kubwa la Marekani lenye matawi mamia na idara nzima ya mikopo. Mdada akanyoosha mkono. Akauliza, "Samahani Dokta, kama mdaiwa hana mkataba, hana anwani, mnafahamiana tu kwa miaka sita, hii fomula inaanzia wapi?"

Darasa likageuka kumwangalia. Mhadhiri, kijana tu, hakuwa na roho mbaya, akaangalia saa yake. Akasema, "Swali zuri sana. Ila tuna slaidi arobaini na mbili zimebaki na mtihani ni Jumatatu. Tuonane baadaye."

Baadaye haikuwepo. Saa 2 na dakika tano alikuwa anakimbilia daladala kama wao.

DARASA LA KAHAWA

Wenzake watatu walimfuata nje: kaka mmoja wa benki, dada muuguzi anayesimamia wodi, na kijana anayefanya kazi za kutoa mizigo bandarini. Wakaenda mpaka Mnazi Mmoja, kwa mzee wa kahawa na kashata. Akawaeleza yote, analia na kucheka.

Kaka wa benki akamwambia, "Dada, wewe hukumkopesha mtu. Ulikopesha mazoea." Akamuonyesha jinsi ya kuweka kiwango: mteja wa mali kauli hachukui zaidi ya alichowahi kulipa kwa mkupuo mmoja.

Muuguzi akasema wodini kwake kuna dawa haitoki kabatini mpaka wasaini watu wawili, hata kama mgonjwa ni mama yako. "Mali kauli yako iwe hivyo. Sahihi mbili. Wewe na mzee."

Kijana wa bandarini akamwambia achukue namba ya kitambulisho, picha ya fremu ya mteja, na namba ya jirani yake mmoja, kabla mzigo haujapanda gari.

Dakika arobaini, kahawa ya shilingi mia mia. Sheria zile tatu ziko ukutani dukani mpaka leo, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya boksi.

Na ndipo akajiuliza: watu wale watatu alikuwa nao darasani tangu Oktoba. Kwa nini ilikuwa lazima aibiwe kwanza ndipo wazungumze?

Jibu ni kwamba ratiba haikuwahi kuwaachia nafasi. Kazi za makundi zilikuwa watu sita, wawili wanaandika, wanne majina yao yanaongezwa kwenye ukurasa wa mbele. Siyo uvivu wote. Muda haukuwepo, kwa hiyo kila mtu anagawana kipande chake, mmoja anaunganisha usiku wa manane, hakuna anayesoma cha mwenzake. Darasa la watu thelathini na tano wenye uzoefu wa miaka kumi kumi, wamekaa wanaangalia ukuta.

SIKU KARIAKOO ILIPOFUNGA

Jumatatu ya Mei 15, 2023 Kariakoo iligoma. Maduka yalifungwa, watu wamesimama vikundi vikundi, malalamiko ni ya kodi, kikosi kazi cha TRA, na usajili wa stoo. Nchi nzima inaangalia.

Jioni ile mdada alienda chuo akiwa na hamu, maana somo lilikuwa mikakati ya biashara. Akajua leo tutaongea. Slaidi ikawaka: shirika la ndege la Marekani na siri ya nauli zake nafuu. Mtu wa nyuma akauliza kama wanaweza kuongelea mgomo hata kidogo. Akajibiwa haupo kwenye mtaala.

Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Majaliwa alikutana na wafanyabiashara pale pale Mnazi Mmoja. Mdada alienda na daftari la chuo. Akaandika jinsi watu wanaoibiana wateja kila siku walivyosimama sauti moja, nani aliongea kwa hesabu na nani kwa hasira, na yupi alisikilizwa. Anasema zile kurasa tano ndizo alizozisoma mara nyingi kuliko desa lolote.

Hakuna anayesema mfano wa ndege ni mbaya. Ila mtu anayesoma biashara kilomita chache kutoka kwenye soko hili, lililopata jina lake kutoka kwa Kikosi cha Wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, likaungua Julai 2021, likagoma Mei 2023, na asubuhi watu bado wanafungua, ana kitabu mlangoni.

KWA NINI PICHA HAIPOSTIWI

Mwisho wa programu ni tasnifu. Yeye alitaka kuandika kuhusu mali kauli. Msimamizi akamwambia mada haina maandiko ya kutosha na muda ni wiki nane, achukue iliyo rahisi. Akaishia na kuridhika kwa wateja wa benki, mada ambayo wenzake wanne walikuwa nayo pia.

Alihitaji dodoso themanini. Benki zilichelewesha kibali. Zikabaki siku kumi. Alikuwa nazo arobaini.

Arobaini nyingine zilijazwa dukani, mchana mmoja, na mawinga wawili na dogo, kwa soda na chipsi mayai. "Ninaridhika sana." "Ninaridhika kiasi." "Siridhiki." Tiki, tiki, tiki, wanacheka. Yeye alikuwa kaunta, anasikia, hakusema kitu.

Alifaulu. Na mtu aliyesahihisha akamsifia kwa uchambuzi mzuri wa takwimu.

Basi ndiyo hiyo picha. Kila akiifungua anaona soda. Hapo halaumu chuo peke yake, maana kalamu hakushikiwa na mtu. Anachosema ni kwamba mbio zikizidi, mtu mwaminifu anajikuta amefanya kitu ambacho angemfukuza nacho mfanyakazi wake.

KURASA NNE

Siku ya mwisho waligawiwa fomu ya tathmini. Weka alama moja mpaka tano. Yeye akaigeuza nyuma, karatasi ikaisha, akaomba nyingine. Alichoandika, kwa kifupi:

Msiongeze muda, gawanyeni upya. Hesabu na takwimu zipewe wiki sita, masomo ya kusoma na kujadili yapewe tatu. Mwaka unabaki uleule.

Kabla ya Oktoba wekeni wiki mbili za hesabu na kompyuta, maana kuna watu wana miaka kumi hawajagusa hesabu, na wanaona aibu kusema.

Kalenda ya chuo iangalie kalenda ya mtaa. Siku za kuelekea Idi, Krismasi, na Januari ya kufungua shule zisiwe siku za mtihani kwa darasa la wafanyabiashara.

Kila Alhamisi nusu saa ya mwisho iwe ya shida ya mtu mmoja, ya kazini kwake, darasa zima linamtibu. Mhadhiri akae asikilize.

Makundi yawe ya watu watatu, na kila mtu atetee kwa mdomo kipande cha mwenzake.

Na tasnifu, kwa anayetaka, iwe tatizo moja la kweli la sehemu yake ya kazi, na kipimo kiwe kilichobadilika. "Ningeandika jinsi nilivyopoteza milioni kumi na moja, nisingehitaji kudanganya."

Hiyo sentensi aliifuta. Halafu akaiandika tena.

MHADHIRI KWENYE ROBOTA

Miezi miwili ikapita kimya. Akajua zimeishia kwenye kapu.

Jumamosi moja mchana, duka limejaa, kijana mmoja kasimama mlangoni kwa adabu kama mteja wa mara ya kwanza. Yule wa slaidi arobaini na mbili. Akamwamkia mzee, "Shikamoo baba," akapewa robota akalie. Alikaa masaa manne. Aliona lipa namba inavyosoma, winga anavyoleta mteja na kuchukua chake, dogo anavyosema hapana kwa adabu huku ananyooshea kidole ile karatasi ya boksi. Akauliza maswali, akaandika.

Wakati anaondoka akamwambia mdada, "Lile swali lako la siku ile, sikuwa na jibu. Slaidi zilinisaidia kukimbia."

Chuo hakijabadilika sana, tusidanganyane. Ratiba bado ni wiki nne nne, na tangazo bado linasema huachi kazi. Ila mhadhiri yule, kwenye somo lake, siku hizi ana Jumamosi moja anawaleta wanafunzi Kariakoo, makundi ya watatu watatu. Kwenye fremu ile wanakaa juu ya marobota, wanaanza na karatasi ya ukutani.

Pesa? Katika milioni kumi na moja, zimerudi tatu, kwa vipande vipande. Mzee aliulizwa siku moja kama anaona shule ilimponza binti yake. Akafikiri, akasema, "Shule haikumwibia. Walimwambia haachi kazi, na yeye akaamini. Kazi unaiacha tu. Cha msingi ujue unamwachia nani."

Picha ya joho bado iko kwenye simu. Siku hizi chini yake kuna nyingine: robota, mhadhiri kalikalia na daftari mapajani, dogo nyuma anacheka. Hiyo ndiyo aliyoiposti. Haikupata laiki nyingi.

Haya, wewe unayesoma jioni huku unafanya kazi, ufunguo wa droo yako uko na nani saa hizi? Na kama ungepewa ile fomu, nyuma yake ungeandika nini? Dondosha hapo chini.